Yah: Maombi ya Kazi ya Kukusanya Ushuru

Mkurugenzi wa Manispaa,
Moshi.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Mimi ni Mtanzania, umri miaka ishirini na sita,
mwenye akili timamu. Hili la akili halimo kwenye tangazo;
mama ndiye kasema niliandike, wasije wakauliza.

Tangazo nililisoma ubaoni
juu ya mabega ya watu wasiopungua arobaini.
Nafasi mbili.
Mlima siku ile ulijifunika mpaka shingoni
kama mtu ajuaye majina yameshapangwa
na hataki kuulizwa.

Cheti cha kuzaliwa: Ndeenengo.
Cheti cha kidato cha nne: Ndenengo.
E moja ilidondoka njiani, sijui nani aliiokota.
Wakili akaitazama, akavua miwani:
"Herufi hii, binti, ni elfu ishirini."
Mama akauza mikungu mitatu ya mchare
saa nne asubuhi, kwa bei ya jioni,
nami nikainua mkono, nikaapa
kwamba mimi ni mimi.
Muhuri ukalia, ba!
E ikarudi kwao.

Picha mbili, blauzi ya kuazima.
"Usicheke," mpiga picha alisema, "hii ni ya serikali."

Wadhamini watatu.
Mwalimu Kisanga, mstaafu, mkono unatetemeka lakini saini ipo.
Mwenyekiti wa mtaa, baada ya soda.
Wa tatu sina; nimemwandika mjomba
kwa jina lake la ubatizo.

Uzoefu wa kazi.

Hapo kalamu ikagoma.
Niseme nimekulia chini ya meza, sokoni Kiboriloni?
Kwamba nilipokuwa na miaka saba kazi yangu ilikuwa macho:
nikiiona kofia ya mtoza ushuru, napiga mluzi,
mikungu inaingia chini ya kanga,
mama anaikalia kama kuku juu ya mayai,
"Leo sijauza, baba, hata wa dawa."
Na siku moja mluzi ulichelewa, nilikuwa natazama pipi.
Alichukua mizani yetu.
Wiki nzima tuliuza nyanya kwa kukisia,
na kila mteja alikisia kuliko sisi.

Najua nani anaficha noti kwenye debe la magadi.
Najua mtoto gani leo analinda kona ipi, na mluzi wake.
Mheshimiwa, mnayemtafuta ni mimi,
mdeni wenu wa tangu darasa la kwanza.

Nikaandika:
*Ninayafahamu vyema mazingira ya soko.*

Usiku nikamsomea mama, naye anachambua maharage.
Hakuinua uso mpaka "Wako katika ujenzi wa taifa."
Kisha:
"Na ukiipata, mimi utanitoza?"

Nikamwambia siku hizi ni mashine, mama,
unabonyeza, karatasi inatoka yenyewe,
mashine haijui huyu ni mama wa nani.

Jiwe dogo likatoka kwenye ungo, likaanguka sakafuni.

"Sikuiuliza mashine."

Asubuhi nimeshika bahasha ya kaki, nimevaa viatu vya Pasaka,
akanizuia mlangoni.
Akafungua fundo la kanga,
akaniwekea kiganjani sarafu ya mia tano, bado ina joto lake.
"Jizoeze," akasema. "Nikatie risiti."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.
Nikachana pembe ya barua iliyoharibika,
nikaandika kwa kuegemea fremu ya mlango:
tarehe, mchare, mikungu minne, shilingi mia tano tu.
Nikasaini kwa e zote tatu.

Aliisoma polepole, akisogeza midomo,
akaikunja mara mbili, mara tatu,
akaifunga pale pale pesa ilipotoka.