Nimekuja Kutembea

Nimekuja kutembea, nilisema uwanja wa ndege wa Maskati,
naye afisa akagonga muhuri bila kuinua macho.
Siku thelathini. Ajira hapana.
Sikusema uongo:
dada yangu Mghoi amejifungua huku Ibra
na arobaini yake haina mtu.

Ila mkobani, chini ya khanga za mtoto,
nilibeba kompyuta ya kampuni ya bima, Mombasa.

Sijatembea. Tangu nije nimekaa.
Nimekaa meza ya jikoni, kati ya birika na chupa za maziwa,
napitisha madai ya hospitali:
goti la mtu wa Kilifi,
meno ya mtu wa Wundanyi.
Ijumaa Ibra imelala, mimi niko kazini;
Jumapili Ibra iko kazini, mimi nafua nepi.
Hata wiki zetu hazisikilizani.

Basi niambieni, mnaojua sheria,
kazi hufanyikia wapi?
Penye makalio, au penye goti?
Mshahara waingia Mombasa, kodi yakatwa Mombasa,
lakini kidole kilichobonyeza *ndiyo*
kilikuwa kinanata halwa ya hapa.

Mwadime wa ofisini kaandika mistari mitatu:
Mtandao waonyesha uko nje ya nchi.
Majina ya wagonjwa hayavuki mpaka.
Na ukiungua huko, bima yetu haikufikii.

Nikaitazama birika.
Nikaisogeza mbali kidogo.

Siku ya ishirini na saba nikaenda kuomba siku zaidi.
Dirishani, mama mmoja, Thuwaiba jina lake kifuani,
akageukia Kiswahili, kile cha Unguja cha mamake:
“Haya mwanangu, umetembea wapi?”
Nilitaka kutaja soko la wanawake, la Jumatano,
ambalo nimelipita kwa gari, vioo juu.
Ulimi ukagoma.
“Nimekaa,” nikasema.

Kalamu yake ikasimama.
“Kukaa si dirisha hili. Kukaa kuna karatasi zake,
kuna mdhamini wake, kuna mlango wake.”
Akanitazama kitambo.
“Siku kumi hizi. Ukitembea, tembea.”

Usiku nikamwandikia Mwadime: likizo, bila malipo.
Nikaifunga kompyuta, nikaiweka juu ya kabati
kama kisu kwenye nyumba ya watoto.

Jumatano nikambeba mtoto kifuani
nikaenda sokoni kwa miguu, nikarudi kwa miguu,
nikapotea, nikauliza njia, nikapotea tena,
nikatembea,
nikatembea mpaka ndala ikakatika.