Kamba

Juni, uwanda wa juu wa Kundelungu.
Umande umeganda kwenye majani, viatu vinalia.
Mama Kalumba anatangulia, mundu begani,
anachagua kwa vidole, macho ameyaachia upeo:
hili la ng'ombe, hili la tumbo,
hili liache, lina maneno.
Mimi nyuma na kalamu ya risasi
(ya wino imegoma kwa baridi)
naandika saa, mwinuko, rangi ya udongo,
na kwanza kabisa jina analolitaja yeye;
la Kilatini litanisubiri mjini.
Magunia matano. Akayafunga kwa jani refu
alilolivuta kando ya njia bila kulitazama.

Lubumbashi, siku tisa kivulini.
Jua likichungulia tu linakula tunachokitafuta,
kwa hiyo dirisha nimelivika kitenge cha marehemu mama,
na chumba kinanuka kama zizi lililosamehewa.
Kusaga: kinu cha unga wa bukari, kutoka soko la Kenya.
Kuloweka: hapo ndipo pagumu.
Alkoholi iliisha Machi; oda yetu imelala Kasumbalesa
ikingoja muhuri wa mtu aliye likizo.
Nikaenda Katuba kwa Ya Ngoie, mpika lutuku.
Alicheka hadi kilemba kikamlegea:
"Mwalimu, hata wewe?"
Wanywaji ni majani, nikamwambia.
"Basi hayo majani yatakudai karanga."
Niliikeneka mara tatu, tone kwa tone,
hadi ikawaka buluu bila moshi.

Baba alikuja na sahani iliyofunikwa,
akaketi kwenye kiti cha mkaguzi asiyekuja.
Miaka thelathini na mmoja tanuruni; kifua chake
bado kinasaga kokoto kila apandapo ngazi.
"Unakamua nini humo?"
Kizuia kutu, baba.
"Kutu ya nini?"
Ya watu. Hewa hii hii inayotuweka hai
inatuchoma polepole, kama chuma kilichosahauliwa mvuani.
Nyasi za kule hazina pa kujificha,
jua linazipiga mchana kutwa,
zikajifunza kujifulia ngao.
Akafikiri. Akanisahihisha:
"Shaba hailiwi na kutu. Shaba huvaa kijani,
na ikishavaa, haiguswi tena ndani."
Sikuwa na jibu. Nikapanga mirija.

Mirija sita ya kimiminika cha zambarau,
zambarau ya kanisa wakati wa Kwaresima.
Maji ya jani yakiwa na nguvu, zambarau hufa,
manjano hushika nafasi.
Nikatia tone, tone, tone,
nikawasha mashine ya kusoma rangi,
na saa nane na robo umeme ukakatika.

Nusu saa tu, kisha rangi hazisemi ukweli.
Nilitaka kumwaga. Baba akainuka,
akavuta kitenge cha mama,
akainua mirija kwenye mwanga, mmoja mmoja,
kwa mkono ule uliokuwa ukihukumu moto:
tanuru halikuwa na mashine, lilikuwa na jicho lake;
akisema mimina, zamu nzima inamimina.
"Huu bado mbichi. Huu unadanganya.
Huu..." akakohoa, akangoja kifua kimalize,
"huu wa mwisho umeiva."

Nimeandika daftarini. Safu ya jicho la baba
haikuwamo kwenye jedwali, nimeichora kwa rula.
Aliuliza kama anaweza kuonja. Nikasema hapana,
hii ni rangi chupani, dawa iko mbali bado,
na huenda isifike.
Akafunua sahani. Tukala gizani.

Ule wa mwisho, lakini.
Magunia yalikuwa matano. Mrija wa sita
nilichukia kuuona mtupu,
nikasaga kilichokuwa mezani.

Jioni nikampigia Mama Kalumba, mtandao ukikatikakatika,
nikamweleza lile jani, urefu wake, ukingo unaokata kidole.
Akanyamaza. Nikasikia mbuzi.
"Lile?" akasema. "Lile halina jina, mwanangu.
Lile ni kamba."