Kanuni Kwenye Karatasi ya Manila

Nimeiandika kwa wino mzito, nikaibandika juu ya swichi:
"Usimuue mtu ambaye bado hajajua kukimbia."
Wakacheka. Sangula alicheka mpaka soda ikamtoka puani.

Chumba changu kiko Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga.
Kompyuta saba, sita zinawaka.
Agosti vumbi hupita hata mlango uliofungwa;
nalitoa kwenye kibodi kwa mswaki uliochakaa.
Nusu saa, shilingi mia tano. Ukilia, hela hairudi.

Ndani ya mchezo tuna nchi yetu.
Ina mto, ina msitu, ina mgodi wa chuma,
na lipo jiwe jeupe ambapo kila mgeni huzaliwa
mikono mitupu, jina likielea juu ya kichwa
kama bei juu ya mbuzi wa mnadani.
Hapo jiweni ndipo Kisu-cha-Usiku alipongojea.

Hakuwa na shida ya kitu. Hilo ndilo lililonikaa rohoni.
Mgeni ana nini? Shoka la mti, mikate miwili.
Alimuua, akangoja azaliwe tena, akamuua,
na kila mara akiandika neno moja:
"Karibu."

Lechipya, mtoto wa dada yangu, miaka tisa,
alizaliwa mara kumi na nne Jumamosi moja.
Nilihesabu huku nauza vocha.
Mara ya kumi na tano hakubonyeza kitu.
Alikaa akiitazama skrini, mikono mapajani,
kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani hospitali.

Wakubwa wakaniambia: Dada Mendola, mchezo ndio huo.
Ukiondoa hofu unabaki na nini? Bustani ya mchicha.
Na si uongo.
Mimi mwenyewe nimewahi kuukata ule msitu usiku,
chuma mgongoni, moyo ukigonga masikioni,
nikasikia hatua zisizo zangu.
Sijawahi kufurahi vile kufika nyumbani.
Nikizima hatari yote, nazima na furaha ile.

Lakini kwetu Mvumi ndama hapelekwi porini siku aliyozaliwa.
Hakuna aliyempiga fisi marufuku. Fisi yupo, atakuwepo.
Ila zizi lina miiba,
na miiba si tusi kwa fisi.

Basi usiku, umeme umebaki uniti tatu, nikachora duara:
hatua mia kutoka jiwe jeupe, upanga haukati.
Nje ya hapo, kila mtu na Mungu wake.

Sangula na wenzake wakahama wiki hiyo hiyo,
wakaenda kwa jamaa wa Kizota asiye na kanuni.
Nimepungukiwa elfu kumi na nne.
Nazitaja kwa sababu nazihesabu.

Halafu juzi, nikipita na ufagio, nikajikwaa
kwenye waya wa kompyuta namba tano. Ikazima.
Papo hapo, kwenye skrini yangu:
Kisu-cha-Usiku ameondoka.
Namba tano ni Ndahani. Yule mpole,
anayeniamkia mara mbili, akija na akiondoka,
anayepanga viti bila kuombwa.
Nikachomeka waya. Nikasema, "Samahani."
Nikasema, "Karibu."
Akanitazama muda mrefu, masikio yamewiva.

Leo Lechipya kasimama pale nyasi zinapobadilika rangi.
Mguu mmoja nje. Akaurudisha.
Ng'ambo ya mstari, Kisu-cha-Usiku, mikono mitupu,
au kaficha, sijui; mchezo hauonyeshi kilicho mfukoni.
Kati ya viti vyao humu ndani kuna viti viwili tu
na wala hawajuani.

Ningeweza kusema. Nina ulimi.

"Mama mdogo," Lechipya ananiuliza bila kugeuka,
"nikikimbilia kushoto, mto uko mbali?"

Si mbali, nikamwambia. Ila usisimame kuangalia nyuma.