Kikapu Kisicho Kitako

Mama ameshona vikapu Langoni maisha yake yote,
akaapa hajapata kuona kikapu kisicho kitako
kikalisha mtu.
Chako, Bwanaheri, kimetulisha miaka kumi na mitatu.
Karo yangu ilitoka Kigali, kwenye rebaundi;
bati la jikoni lilitoka Kairo, robo ya nne,
ulipofunga huku umeshikwa jezi.

Leo umerudi na vyuma viwili gotini.
Mlango wetu bado mfupi.
Umeinama, ukajigonga vilevile, ukacheka:
"Huyu ndiye beki pekee aliyeniweza."

Sasa umekaa mkekani, miguu imefika ukutani.
Mama amekutilia ukili mkononi.
Unashona kitako.
Unakosea, unafumua, unaanza tena,
na hakuna anayepuliza kipenga.