Dodoso la Maswali Arobaini

Jina: Salge Hansda.
Makazi: kijijini. Saa mbili kutoka Dumka, na baada ya lami, miguu.
Umri? "Andika unaotaka. Nilizaliwa mwaka kisima kilipokauka."
Naandika thelathini na nne.

Swali la tano: Je, kazi hukupa msongo?
Kamwe. Mara chache. Mara nyingi. Daima.
Kisantali nimekinyonya pamoja na maziwa
lakini neno hili limenikwama kama mwiba wa samaki.
Namwuliza: Dada, kichwa huwa kizito?
Anacheka. "Kichwani nabeba kuni. Uzito wake naujua."

Anashona sahani za majani ya mti wa sal,
njiti, jani, njiti, jani,
hanitazami.
"Mnunuzi huhesabu mwenyewe. Mia yake ina mia na kumi."
Na kibarua cha serikali, kuchimba bwawa?
Msimamizi huwapiga picha kwa simu, asubuhi na mchana;
asiye pichani hakuja kazini,
na mtandao unashika juu ya kichuguu tu.
"Siku nne nimechimba.
Siku nne sikuwepo."

Usiku, anasema, mkono wa kulia huamka peke yake
ukashona hewa.
Hilo halina kisanduku. Naliandika pembeni, kwa penseli.

Swali la kumi na tisa: Nini hukusumbua zaidi kazini?
Njiti imesimama katikati ya jani.
"Simu."
Natia alama kwenye *vifaa*.

*

Jina: Maino Hansda.
Makazi: mjini. Ranchi, benki, ghorofa ya tatu,
vioo vinavyomwonyesha kila mtu akipita nyuma yako.
Yeye msongo anaujua, anaujua kwa lugha tatu.
"Weka *daima* kote, kaka, ukanywe chai."

Huingia wa kwanza, hutoka wa mwisho,
ili asitokee wa kusema tena, karibu na mashine ya maji,
"Huyo alipewa kiti cha kabila."
Walisema mara moja tu. Miaka sita iliyopita.
Kwenye mkoba ana kipande cha plastiki cha kuuma akilala;
meno yake yalikuwa yanasagana kama mawe ya kinu.

Kazi yake ni kupiga simu kwa waliochelewesha rejesho,
sitini kwa siku, na maneno yameandikwa,
hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, simu zinarekodiwa.
Swali la kumi na tisa.
Anafunga mlango.

"Mwezi wa Machi nilikuta jina la shemeji yangu.
Mkopo wa pampu.
Akapokea dada.
Nikasoma karatasi yote, kwa Kihindi, hadi mwisho.
Akanijibu, *Ndiyo, madamu.*
*Tumesikia, madamu.*
Sijui kama alinitambua.
Weka alama unapotaka."

Mimi hulipwa kwa fomu. Rupia themanini.
Nadaiwa fomu mia tatu kabla ya sikukuu ya Sohrai,
na bwana mkubwa hapigi simu kunisalimu: "Ngapi?"
Basi sikuwa na muda wa kukaa kimya naye.
Nilikaa.

Nilipoinuka akanipa bahasha.
"Mpe. Mwambie ni malipo ya kujibu maswali."

*

Salge alihesabu noti kwa kidole kilichotobolewa na njiti.
Akahesabu tena.
"Pesa hizi zote, kwa maswali arobaini?
Rudi kesho na mengine."
Tukacheka, hadi kuku wakatoka uvunguni.

Kisha akaigeuza bahasha.
Kwenye kona palikuwa na nembo ya benki, ya buluu,
ndogo kama ukucha.
Akaitazama. Akanitazama.
Akaikunja mara mbili, nembo ikaingia ndani,
akaichomeka juu, kwenye nyasi za paa,
akavuta jani lingine.