Mkanda

Kwanza unakwangua ukingo.
Juu kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi haifiki,
masizi hujenga kizingiti;
ukisukuma pistoni kabla hujakiondoa
utavunja ringi, utavunja na pistoni,
halafu utamtafuta wa kumlaumu.
Ndivyo alivyonifundisha Fundi Nampoto, hapa Mkuti, Masasi,
nyuma ya mashine ya kukoboa,
naye si mtu wa kurudia neno.

Landrova ya baba ilikaa miaka kumi na tisa
ubavuni mwa nyumba, magurudumu yamezama,
kuku wanatagia kiti cha abiria.
Sasa injini iko juu ya matairi mawili,
hedi imefunguliwa, sampu imetoka
na oili iliyosalia, nyeusi, nzito,
kama uji wa mtama uliosahauliwa jikoni.

Ya kwanza. Zungusha krenki hadi pistoni ishuke chini kabisa.
Piga alama: nukta moja kwenye konrodi,
nukta moja kwenye kifuniko chake,
maana kila kifuniko kina mwenzake
na ukivichanganya havitazoeana.
Legeza nati. Vika bolti vipande vya mpira
zisije zikauchana uso wa krenki.
Kisha mpini wa nyundo, wa mti, si chuma,
na mkono mwingine juu unasubiri
kama wa mkunga.
Ikatoka.
Ya pili nayo ikatoka, kwa kunung'unika.

Nati za ya tatu zilifungwa na mtu mwenye haraka,
pembe zimelika.
Nikafungua kifuniko,
na pale pa beringi hapakuwa na beringi.
Palikuwa na ngozi.

Kipande cha mkanda wa suruali, kimekatwa kwa kisu,
kimekunjwa kufuata duara,
upande mmoja umeungua,
upande wa pili bado una matundu.

Nilikuwa darasa la nne usiku ule.
Baba aliingia na matope hadi magotini,
ameishika suruali kwa mkono wa kushoto.
Mama akainua koroboi.
"Mkanda uko wapi, Baba Somoe?"
"Uko kwenye injini."
Mama akacheka, na haikuwa furaha.
Baba alisema beringi ilikufa mteremko wa Nangoo,
mvua, hakuna gari la kupita,
magunia kumi na manne ya korosho za watu nyuma;
alisema ngozi inaweza kubeba konrodi
ukienda polepole, kama umembeba mgonjwa.
Mama alisema Nangoo kuna wanawake pia.

Gari halikuwashwa tena.
Pesa ya beringi ikawa ada, ikawa salfa ya mikorosho,
ikawa dawa, ikawa sanda.
Na mkanda ulikaa katikati yao,
kitandani, kwenye sinia la ugali,
miaka kumi na mmoja, hadi tulipomzika.

Nilimpelekea mama bila kukifuta.
Alikuwa anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Akakinusa.
Akapitisha kidole gumba tundu kwa tundu,
akasimama kwenye la mwisho,
lililokaa kombo, lisilolingana na mengine.
"Hili nililitoboa mimi. Kwa msumari wa moto.
Mwaka ule alipokonda."

Hakusema jingine.
Alikifunga kwenye pindo la kanga, na oili yake,
akavuta ungo karibu,
akabangua. Mbili zilipasuka vibaya.
Yeye hapasui vibaya.

Nimerudi gereji. Ya tatu imeganda,
kutu imeing'ang'ania silinda.
Nimemwaga dizeli juu yake.
Usiipige, Somoe, anasema Nampoto akifunga mlango,
iache ilale.
Jua limeshaingia nyuma ya Mkomaindo,
nami nina mpini wa nyundo mapajani.

Ya nne sijaigusa.