Tarehe

"Mwishoni mwa mwezi," anasema Asangalwisye,
mkono mfukoni, mguu juu ya tofali.
Mwezi upi? Hajibu. Anasifia bati.

Uyole kuna baridi ya Juni.
Upepo umeshahamia chumbani kwangu
kabla yangu, bila kulipa hata senti.

Nimekuja na kalamu.
Nafuta "mapema iwezekanavyo",
naandika: Agosti, tarehe tisa.
"Ishirini. Vioo viko njiani, vinatoka Dar."
"Kumi na tano. Na milioni ya mwisho
naishikilia mpaka ufunguo uzunguke."

Anacheka, anakohoa, anatia sahihi
juu ya mfuko wa saruji.

Nashuka kwa mama mwenye nyumba
kumwomba, kwa upole uleule wa Asangalwisye,
anivumilie kidogo, hadi mwishoni mwa mwezi.